Gitaa Linalosikia Chuma

Lilifika Sumbawanga usiku, kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, limelazwa kati ya godoro lililoviringishwa na furushi la mabeseni ya plastiki. Binamu yangu aliyelinunua Kariakoo alikuwa ameandika juu ya boksi kwa herufi kubwa: KAENGESA. USIKALIE. Nililichukua alfajiri, baridi ya Juni ikinipuliza masikioni, nikalipakata ndani ya Hiace mpaka nyumbani Kaengesa kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Ubavuni mwa boksi kulikuwa na neno moja tu lililosomeka kwa mbali: Yamaha. Mzee aliyekaa pembeni yangu, ambaye mikono yake ilionyesha kwamba amevuta nyavu miaka mingi, aliniuliza ni ya nguvu za farasi ngapi. Nikamwambia ni gitaa, mzee wangu. Alicheka mpaka akakohoa. Kwake Yamaha ni mashine ya kufunga nyuma ya boti, ile inayopeleka watu na dagaa kutoka Kasanga. Mama mmoja wa kwaya aliyekaa siti ya mbele akageuka na kusema Yamaha ni kinanda, kila mtu anajua. Nikaona gari zima linaelekea kwenye mjadala, nikanyamaza.

Wote wawili walikuwa na haki. Torakusu Yamaha alianza mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda cha upepo kilichoharibika katika shule ya msingi mjini Hamamatsu, Japani. Alikifungua, akakielewa, akaanza kuunda vya kwake. Kampuni ya pikipiki na mashine za boti ilitenganishwa na ile ya ala za muziki mwaka 1955, lakini zote mbili zilibaki na alama ya uma tatu za kusawazishia sauti. Kwa hiyo kila mvuvi wa Ziwa Tanganyika anayevuta kamba kuwasha Yamaha yake ana alama ya muziki mbele ya uso wake, ingawa mashine yenyewe inaimba vibaya.

Nililipa kwa mahindi, magunia 14. Mke wangu hakusema kitu, na mwenye ndoa anajua kwamba hiyo nayo ni sentensi.

Hili si gitaa langu la kwanza. La kwanza nililiunda mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili. Galoni ya bati ilikuwa mwili, kipande cha mti kilichochongwa kwa panga kilikuwa shingo, na nyuzi zilitoka kwenye waya wa breki wa baiskeli ya baba, ambao nilikuwa nimeufumua ujiti kwa ujiti. (Baba aligundua kwenye mteremko. Hilo tuliache.) Freti nilizitengeneza kwa spoki zilizokatwa, nikazipanga kwa umbali sawa, zimenyooka kama mistari ya daftari. Nilijivunia sana ule usawa. Lakini kila nilipopanda zaidi ya freti ya tatu, sauti ilianza kupotoka, na kufika ya saba ilikuwa imekwisha kuwa ya mnyama. Nililaumu waya, nikalaumu galoni, nikailaumu hata baridi.

Miaka arobaini baadaye, jambo la kwanza nililofanya baada ya kulitoa hili jipya kwenye boksi lilikuwa kuchukua rula. Tangu kwenye kizuizi cha juu mpaka kwenye daraja, uzi una milimita 648. Freti ya kumi na mbili imekaa katikati kabisa, milimita 324, na hapo uzi unatoa noti ileile ukiwa umepanda oktava moja nzima. Lakini kati ya freti na freti hakuna nafasi mbili zinazolingana. Ya kwanza ni pana kuliko ya pili, ya pili ni pana kuliko ya tatu, na zinaendelea kubanana hivyo mpaka ya ishirini na mbili, ambapo kidole changu cha mkulima hakienei. Kila freti inakata karibu sehemu moja katika kumi na nane ya uzi uliobaki, si ya uzi wote. Nilikaa kitandani na ile rula nikamwonea huruma yule mtoto. Usawa wake ndio uliokuwa kosa.

Gitaa lenyewe ni Pacifica 112, la ukoo wa Pacifica uliobuniwa kwa mara ya kwanza na watu wa Yamaha waliokuwa Marekani na kuingia sokoni mwaka 1990. Langu limeundwa Indonesia. Rangi yake ni ya hindi la kuchoma: njano ya kung'aa katikati, kisha kahawia, halafu nyeusi pembezoni kama lililosahauliwa jikoni. Lina pembe mbili ili mkono ufike chini, na mgongoni limechongwa kidogo ili lisiumize mbavu. Uzito wake ni wa kuku wawili wa kienyeji. Mwili ni wa alda, mti mwepesi unaopenda kingo za mito katika nchi za baridi. Shingo ni ya mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Ubao wa vidole uliogandishwa juu ya shingo ni rozudi, wa ukoo mmoja na mpingo wetu, ule mpingo unaozama majini, unaosafiri kwenda Ufaransa na kwingineko kuwa klarineti na obo.

Shingo imefungwa kwa skrubu nne, kama kitanda. Hili lilinishangaza mpaka nilipolifikiria vizuri. Aliyeufanya mtindo huu uenee, Leo Fender wa California, alikuwa fundi redio na hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alipoanza kuuza gitaa lake la ubao mtupu usio na tumbo, alilitazama kwa jicho la fundi: shingo ikichakaa, fungua skrubu, weka nyingine. Gitaa lina spea! Watengenezaji wa fidla labda waliziba masikio. Mimi, niliyekulia mahali ambapo kitu kisicho na spea hakinunuliwi, nilimwelewa mara moja.

Ndani ya shingo kuna nondo nyembamba ya chuma, imejificha. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta kwa uzito wa karibu kilo 40, sawa na kumtundika mtoto wa darasa la saba kwenye ncha ya shingo mchana na usiku, na bila ile nondo ubao ungepinda kama upinde. Mti uliokaushwa kwenye joto la Indonesia, ukaja kukaa juu ya uwanda huu wenye upepo mkavu wa Julai, lazima ujitingishe kidogo. Hata milango yangu hufanya hivyo. Niliuzungusha ufunguo mdogo wa pembe sita robo mzunguko, nikalala, asubuhi shingo ilikuwa imenyooka.

Lakini haya yote, mwili na shingo na rangi ya hindi, si mahali sauti inapotoka. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Katikati ya mwili, chini ya nyuzi, kuna pikapu tatu. Kaengesa ukisema pikapu watu wanageuka kutazama barabarani, maana pikapu ni gari la kubebea mahindi. Hizi za gitaa nazo zinabeba, ila mzigo wake ni mwepesi kuliko unga. Pikapu ni vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Ni hivyo tu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unaivuruga ile nguvu ya sumaku, na ule mvurugo unazaa umeme kidogo sana ndani ya waya wa shaba. Umeme unapita kwenye waya mpaka kwenye amplifaya, unakuzwa, unasukuma spika.

Mtu wa rika langu hahitaji kufundishwa hilo na profesa. Sote tulikuwa na dainamo kwenye baiskeli, ile chupa ndogo ya bati inayoegemea tairi. Ndani kuna sumaku na waya wa shaba. Ukikanyaga, taa inawaka. Ukichoka, taa inachoka. Pikapu ni dainamo ambayo badala ya tairi imepewa uzi. Nilipomweleza kijana wangu hivyo aliniuliza dainamo ni nini, nikajua umri wangu.

Ukishaelewa hilo, unaelewa pia jambo la ajabu zaidi: gitaa hili halisikii sauti. Ukiliimbia karibu kabisa, ukipiga makofi juu yake, spika inabaki karibu kimya. Linachosikia ni chuma kinachotembea. Nilifanya majaribio. Nilivua uzi mmoja, nikafunga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikaukaza. Kwa mkono unalia, kwenye spika hakuna kitu. Nikatafuta waya wa breki, ujiti mmoja tu, nikaufunga pale pale. Nikapiga.

Ulilia. Kwa ukali, kwa ukwaruzo, ukiwa na kutu ndani ya sauti, lakini ulilia kwenye spika sawasawa na uzi wa dukani. Waya ule ule wa utoto wangu. Kumbe ulikuwa halali siku zote, na kilichokosekana ni sikio la kuusikia.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kujifunza sauti zake, na nimekuwa mgumu kuridhika. Kuna swichi ya nafasi tano. Ukiisukuma upande wa shingo, unapata sauti ya mviringo, ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Pikapu ya pale inausikiliza uzi mahali unapoyumba kwa upana, kwa hiyo inashika zaidi unene kuliko makali. Ukiirudisha mpaka nafasi ya daraja, pale uzi umebanwa na unatetema kwa ufinyu, sauti inakuwa na meno. Kwenye daraja kuna pikapu ya aina nyingine, yenye mizinga miwili ya waya badala ya mmoja, nene, yenye kifua. Ukivuta juu kitufe cha toni, mzinga mmoja unazimwa na sauti inakonda ghafla kama mtu aliyevua koti.

Ninayoipenda haiko huku wala kule. Ni nafasi ya nne, pikapu ya shingo na ya katikati zikisikiliza kwa pamoja. Kwa kuwa zinausikiliza uzi mmoja kutoka sehemu mbili, kuna vitu zinakubaliana na kuna vitu zinafutana, na kinachobaki kina uwazi ndani yake, kina tundu, kama sauti ya maji yanayomiminwa kwenye kibuyu. Nilipoipata mara ya kwanza niliacha kupiga nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo usiku mwingi wa miaka ya themanini, ikitoka kwenye redio ya betri iliyofungwa kwa mpira, Radio Tanzania Dar es Salaam ikija na kuondoka na upepo. Mlimani Park, Maquis, Remmy Ongala na Super Matimila. Mwimbaji akimaliza maneno yake, magitaa yanaingia kwenye chemko: solo juu, solo la pili likilijibu, rithim katikati haliondoki, besi chini linatembea kwa hatua zake lenyewe. Sisi wa mbali hatukuwahi kumwona mpigaji hata mmoja. Mbaraka Mwinshehe, ambaye Morogoro Jazz yake ilikwenda mpaka Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979, mimi nikiwa mdogo mno kujua jina lake. Solo lake ndilo lililoendelea kuja nyumbani.

Siwezi kupiga kama wao na sijidanganyi. Nafanya rithim ya kwaya na, Jumapili nikisahaulika, solo la mistari miwili. Ila naona watu wengi wanaonunua gitaa la umeme siku hizi wanakimbilia kitufe cha kuvuruga sauti kabla hawajajua sauti safi ina nini. Dansi letu lilijengwa juu ya sauti safi. Kosa linasikika, na hapo ndipo palipo na kazi.

Kuna adha moja ambayo sasa nimeanza kuipenda. Pikapu za mzinga mmoja, pamoja na chuma, zinasikia umeme wenyewe. Taa za tyubu zikiwaka, spika inanguruma. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa, inanguruma zaidi, na amplifaya yangu inapungukiwa nguvu kama mtu aliyeinuka ghafla. Ile pikapu nene ya kwenye daraja haiathiriki sana, kwa sababu mizinga yake miwili imewekwa kinyume, na ngurumo ya mmoja inafuta ya mwenzake. Kwa hizi nyingine, dawa ni kugeuka. Nimegundua kwamba nikikaa nikitazama ukutani, ngurumo inakua. Nikigeukia upande wa kanisa, inapungua karibu kuisha. Paroko asije akalihubiri jambo hili, maana ni suala la mwelekeo wa waya tu.

Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Noti ya G iliyo chini kabisa kwenye piano ni mara 49. Maana yake ni kwamba kila nyumba yenye umeme hapa kwetu inavuma noti ya G, juu kidogo ya tuni, usiku na mchana, na ni gitaa tu linaloweza kuisema. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulivutwa kutoka Zambia, na wao hutetema mara 50 vilevile. G ilivuka mpaka bila pasipoti. Nyimbo za kwaya tunazoziimba kwa G, ngurumo inajiunga nasi kama mzee wa besi aliyechelewa mazoezi.

Umeme ukikatika, ndipo unajua umenunua nini. Gitaa langu la bati lilisikika mpaka kisimani. Galatoni, kama tunavyoyaita magitaa makavu mpaka leo, kwa jina la yale ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini (John Lennon alikuwa na mojawapo siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957), linajaza chumba bila msaada wa mtu. Hili la hindi la kuchoma, gizani, linatoa sauti ya mbu. Unalipigia tumbo lako mwenyewe.

Ilikuwa siku kama hiyo, umeme umekatika na kurudi, baba yangu mdogo alipokuja kulitazama. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akataka aelezwe. Nikamweleza kuhusu sumaku na chuma. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, halafu akaniambia babu yake alikuwa mtu wa malungu.

Kila Mfipa amesikia habari za malungu, na wengi wetu tumelima tukiyazunguka. Ni tanuru za udongo, ndefu kumzidi mtu, ambazo wazee walizijenga kuyeyushia mawe ya chuma. Hazikuhitaji mivukuto: zilitobolewa matundu chini, upepo ukaingia wenyewe na kupanda na moto juu. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kikasafishwa tena kwenye tanuru ndogo, hii sasa kwa mivukuto, ndipo kikawa jembe. Majembe ya dukani yalipoingia wakati wa ukoloni, moto ukazimika. Mabaki ya tanuru yamesimama mashambani, mengine yameota nyasi kichwani. Na ukilima karibu nayo, jembe linagonga mavi ya chuma, yale makapi mazito meusi yaliyobaki kwenye kuyeyusha.

Kesho yake baba mdogo alirudi na kipande mfukoni mwa koti. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake, kimeota kutu ya rangi ya machungwa upande mmoja. Hakusema kitu, alininyooshea tu. Nilichomeka gitaa, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikazilaza nyuzi kwa kiganja ili zisilie, nikakipitisha kile kipande taratibu juu ya pikapu, bila kugusa.

Upande wa mawe matupu, kimya. Nikakigeuza. Upande wenye kutu ulipopita, spika ilitoa mdundo, mmoja, mzito, wa chini sana, kama mtu aliyeweka mzigo sakafuni chumba cha pili.

Nikarudia. Ukatoka tena.

Baba mdogo aliitazama spika, akanitazama mimi, akachukua kipande chake na kukirudisha mfukoni.

"Kesho nalima upande wa juu," alisema akiinuka. "Huko viko vikubwa zaidi."